Bustani ya Mashindano: Mada Ionekane Bila Bango

*"Salaam, mtaalamu. Mimi na wenzangu watatu tumetengeneza bustani za majumbani kwa miaka mingi. Sasa tumekubaliwa kwa mara ya kwanza kujenga bustani ya maonesho kwenye mashindano. Tumepewa eneo la mita 6 kwa 8, siku kumi za ujenzi, na imebaki miezi mitano. Mada yetu ni 'Maji Yanapoadimika'. Mawazo tunayo mengi: kisima cha kale, ardhi iliyopasuka, sanamu ya mama aliyebeba mtungi, tone kubwa la kioo, ukuta wa picha, bwawa lenye chemchemi, na mabango ya kuelimisha watu. Nina hofu tatu. Wenzetu wana fedha, sisi hatuna. Sijui nitahakikishaje maua yachanue siku ya majaji, si wiki moja baadaye. Na mwenzetu mmoja anasema tununue mimea iliyokwisha kuchanua siku mbili kabla, kazi iishe. Je, yuko sahihi? Halafu, bustani ya ukame inaruhusiwa kuwa na maji?"*

Hongereni kwa kukubaliwa. Umeuliza mambo mengi, lakini chini yake naona swali moja: mtafanyaje ili kitu kilichojengwa kwa siku kumi kionekane kimeishi pale miaka, na kiwe katika ubora wake asubuhi ileile majaji watakapopita? Ugumu wa bustani ya maonesho uko hapo. Bustani ya nyumbani husamehe, kwa sababu mche uliopandwa vibaya leo utajirekebisha msimu ujao. Hii yenu haina msimu ujao.

Nianze na hofu ya fedha, maana ndiyo iliyosimama juu ya dhana isiyo sahihi. Wengi hudhani majaji husimama katikati ya uwanja, wanalinganisha bustani hii na ile, kisha wanaichagua iliyogharimu zaidi. Kwenye maonesho mengi makubwa haiko hivyo. Chukua Chelsea Flower Show, maonesho makubwa ya maua na bustani ya London, yanayofanyika katika viwanja vya Royal Hospital tangu 1913. Pale zipo medali za ngazi nne: dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha, na shaba. Kila bustani hupimwa kwa vigezo na kwa maelezo ambayo mbunifu mwenyewe aliyaandika kuhusu bustani yake. Mwaka mmoja dhahabu zinaweza kuwa nyingi, mwingine chache. Tuzo ya bustani bora kuliko zote ni jambo la pekee, nayo hutolewa kwa mmoja. Kwa utaratibu huo, jirani yako akileta mti wa miaka sabini na ukuta wa marumaru, hajakunyang'anya alama hata moja. Alama zako zinaondoka pale ulichoahidi kinapokosekana. Yapo mashindano yanayopanga washindi wa kwanza, wa pili na wa tatu, kwa hiyo soma kanuni za kwenu kabla ya kuchora chochote. Hata huko, bustani ndogo iliyotimiza kusudi lake hupata heshima kuliko kubwa iliyojaa vitu.

Kwa sababu hiyo, karatasi muhimu kuliko zote kwenye mradi wenu ni ile ya maelezo kwa majaji, kuliko hata mchoro wenyewe. Majaji watakuwa nayo mkononi wakiwa wamesimama mbele ya kazi yenu. Watasoma sentensi, watainua macho, watatafuta. Ukiandika "bustani hii inaelimisha jamii kuhusu umuhimu wa maji", umewapa kitu kisichopimika, na kisichopimika hakikupi alama. Andika hivi badala yake: "Ni ua wa familia moja inayoishi mahali penye mvua chache. Maji yote ya mvua yanayoangukia paa la kibanda hupita kwenye mfereji wa mawe, hunywesha mimea kwa zamu, na yanayobaki hukusanyika kwenye beseni mwishoni. Hakuna bomba." Sasa jaji ana vitu vya kuvitafuta: paa, mfereji, zamu, beseni. Nanyi mna kipimo cha kukataa mawazo, maana kila kitu kisichomo ndani ya sentensi hizo kinatoka.

Hapo ndipo orodha yako inapokutana na kisu. Vitu saba kwenye mita za mraba 48 ni vingi mno, hata kama kila kimoja ni kizuri. Lakini idadi si tatizo kubwa. Tatizo ni kwamba karibu vyote *vinatangaza* ukame, hakuna *kinachouishi*. Tone la kioo, ukuta wa picha na mabango vingeweza kuhamishiwa ukumbi wowote wa mikutano bila kupoteza maana, ikimaanisha havihitaji bustani. Mada ya bustani inatakiwa ibebwe na ardhi, maji, mawe na mimea yenyewe.

Mfano ninaoupenda ni wa Juliet Sargeant, mbunifu mzaliwa wa Tanzania, aliyejenga Chelsea mwaka 2016 bustani kuhusu utumwa wa kisasa. Mada nzito kama hiyo ingeweza kuvuta mtu kwenye minyororo na picha za mateso. Yeye alitumia milango ya nyumba, yenye rangi za kupendeza kwa wanaotazama kutoka nje, na ndani akapanda mwaloni, akirejelea mti ambao chini yake William Wilberforce, mbunge wa Uingereza, anasemekana kuamua kupigania kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Mtazamaji alielewa kwa kusimama tu kati ya nje penye rangi na ndani palipofichwa. Bustani ile ilipata dhahabu, na wananchi wakaipigia kura kuwa kipenzi chao katika kundi lake.

Kwa hiyo swali lako kama bustani ya ukame inaruhusiwa kuwa na maji, jibu langu ni ndiyo, na tena nadhani inayahitaji. Mtu hawezi kuhisi uhaba wa kitu asichokiona. Tofauti ni kati ya maji yanayotunzwa na maji yanayochezewa. Chemchemi inayorusha maji juani inayapoteza kwa mvuke mbele ya macho ya jaji, na itakanusha kila mlichoandika. Uzi mwembamba wa maji unaotiririka kwenye mfereji wa mawe wenye upana wa kiganja, ukiingia kwenye beseni lenye kina kidogo, utafanya watu wainame kuutazama. Kisima cha kale mnaweza kukibakiza kama ndicho hicho beseni la mwisho. Ardhi iliyopasuka ningeiacha. Mipasuko ya kweli hutokea udongo wa mfinyanzi unapokauka na kusinyaa polepole, na mvua moja ya usiku katika zile siku kumi itaigeuza tope.

Jambo moja la nafasi kabla sijaingia kwenye mimea. Watazamaji hawataingia ndani. Watasimama nyuma ya kamba, pengine upande mmoja, pengine miwili au mitatu, na waandaaji watawaambia ni ipi. Bustani za nyumbani hupangwa kwa mtu anayetembea ndani yake, ninyi mpange kwa mtu aliyesimama. Tafuteni uwanja, pigeni vigingi na kamba kwa vipimo halisi, sita kwa nane, simamisheni maboksi na fito mahali pa miti na ukuta, kisha mkasimame pale kamba itakapokuwa. Mtu mmoja achuchumae hadi kimo cha mtoto. Mtagundua mambo ambayo mchoro hauyasemi, kwa mfano kwamba kichaka kimoja mbele kinaficha mfereji wote.

Sasa maua. Hofu yako ya pili ndiyo ya haki kuliko zote, na dawa yake ni kuelewa mmea unajuaje kwamba muda umefika. Mmea hausomi kalenda. Unasoma joto, urefu wa usiku, na umri wake wenyewe, na kwa baadhi ya mimea, baridi uliyoipitia. Mwaka 1920 Wightman Garner na Harry Allard walichapisha matokeo yao kuhusu tumbaku iliyokataa kuchanua hadi siku zilipofupishwa, na tangu hapo wakulima wa maua wamejua kuuendesha muda huo kwa taa na mapazia. Krisanthemamu ni mfano mzuri. Ukiipa usiku mrefu mfululizo itaanza kutengeneza vitumba, na kutegemea aina yake itachanua baada ya kama wiki 7 hadi 11. Ukiiwashia taa katikati ya usiku itaahirisha. Maana yake kwenu ni kwamba taa ya ulinzi inayomulika kitalu usiku kucha inaweza kuchelewesha maua bila mtu kujua sababu. Tulipu hazijali taa sana, zinataka majuma 12 hadi 16 ya baridi kabla ya kupewa joto. Mimea mingine mingi huongozwa na jumla ya joto iliyolipokea: wiki mbili za jua kali huisogeza mbele, wiki mbili za mawingu huirudisha nyuma.

Ndiyo maana hakuna mtaalamu anayeitegemea tarehe moja. Wakulima wanaolima kwa ajili ya maonesho hupanda kila aina kwa mafungu, tuseme matatu, yakipishana wiki mbili. Fungu la kati ndilo lililolengwa. Hali ya hewa ikiharakisha, la tatu liko tayari. Ikichelewesha, la kwanza ndilo litakalokuwa limefika. Ndani ya fungu pia huchezea mahali: mche unaowahi unahamishiwa kivulini penye ubaridi, unaochelewa unasogezwa kwenye joto. Na huchagua zaidi ya aina moja kwa kila kazi. Kama unataka mshale wa rangi ya zambarau nyuma ya mfereji, otesha mimea miwili tofauti inayoweza kuutoa, moja ikikataa nyingine ipo. Mwaka 2021, kwa sababu ya Uviko, Chelsea ilihamishwa kutoka Mei hadi Septemba kwa mara ya kwanza katika historia yake, na wabunifu waliokuwa wamepanga maua ya mwanzo wa kiangazi walilazimika kufikiria upya kwa nyasi, mbegu na matunda ya msimu wa kuelekea vuli.

Ushauri wangu kwenu uko upande mmoja waziwazi: egemeeni majani kuliko maua. Majani hayana tarehe. Na mada yenu inayadai, kwa sababu ukame umeandikwa kwenye majani. Jani la kijivu la lavenda lina vinyweleo vidogo vinavyorudisha mwanga na kushika tabaka la hewa yenye unyevu juu ya ngozi yake. Jani la rozimeri limejikunja kingo ili kupunguza eneo linalopoteza maji. Mshubiri umejaza akiba ndani ya jani lenyewe na kulifunika kwa nta. Ukiipanga mimea hii mwanzoni mwa mfereji, na yenye majani mapana mororo mwishoni karibu na beseni, mtazamaji ataona hadithi yote kwa kupitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia. Maua machache yatakuwa nyongeza, na hata yakikosa siku, bustani haitaanguka.

Hapohapo nitaje kosa ambalo majaji wa mimea hulikamata haraka kuliko jingine lolote: kupanda pamoja vitu visivyoweza kuishi pamoja. Kangaga linalotaka kivuli na unyevu likisimama bega kwa bega na mshubiri kwenye jua la wazi, jaji anajua kwamba mmoja kati yao atakufa. Haijalishi kwamba maonesho ni ya siku chache tu. Bustani inahukumiwa kana kwamba ina maisha mbele yake. Katika kubuni kwenu unyevu unapanda hatua kwa hatua kuelekea beseni, kwa hiyo kila mmea una sababu ya kuwa pale ulipo. Nguvu hiyo msiipoteze kwa ajili ya rangi.

Mwenzenu anayetaka kununua mimea iliyochanua ana nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba kuotesha kila kitu wenyewe ndani ya miezi mitano ni kujitafutia mzigo. Lakini ua lililofunguka kabisa siku ya kununuliwa limeshaanza kuelekea mwisho wake, na safari italisukuma zaidi. Mimea iliyokulia ndani ya nyumba ya plastiki ina majani laini yasiyozoea upepo wala jua kali. Ikitolewa ghafla inaungua au kunyauka, na huwa haifichi. Inahitaji kuzoeshwa nje kidogokidogo kwa wiki moja hadi mbili. Kuna pia gesi ya ethilini, inayotoka kwenye matunda yanayoiva na kwenye moshi wa injini. Lori lililofungwa, lenye shehena ya ndizi mbivu kona moja na maua yenu kona nyingine, linaweza kufika likiwa limepukutisha vitumba vyote. Nunueni mapema ile mimea ya mifupa, yaani miti, vichaka na nyasi, mkaikusanya mahali pamoja na kuizoesha. Maua agizeni kwa mkulima mnayeweza kumtembelea, na mkubaliane ayalete vitumba vikiwa vimeanza kuonesha rangi.

Idadi ndiyo inayowashangaza wageni wa mashindano. Nyumbani unaacha nafasi ili mmea ukue. Hapa hautakua. Tuseme mita za mraba 20 kati ya 48 zenu ni za kupanda, na mimea mingi ni midogo, 12 hivi kwa kila mita. Hiyo ni 240. Ongezeni theluthi moja ya akiba kwa inayovunjika, inayochelewa na isiyopendeza ikifika, mnapata 320. Mingi mtaipanda ikiwa bado ndani ya vyungu vyake, mkivizamisha na kufunika midomo kwa udongo na matandazo, ili ule ulioharibika uweze kuchomolewa na kubadilishwa dakika kumi kabla ya majaji. Hilo linakubalika kwenye maonesho mengi, ila chungu kisionekane hata ukingo wake. Tahadhari ni moja: chungu kilichozikwa hakipati maji kutoka udongo wa jirani, na bonge la mizizi likikauka kabisa hukataa maji kama sponji kavu, yanateleza pembeni huku katikati pakibaki pakavu. Mwagieni sana *kabla* ya kupanda, chungu kizima kiloweshwe hadi mapovu yaishe.

Ujenzi wenyewe nitausema kwa ufupi zaidi kwa sababu ninyi ni mafundi, ila kuna mambo matatu ambayo ratiba ya siku kumi huyabadilisha. Zege hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28 hivi, ninyi hamna hizo siku. Kwa hiyo kila kinachoweza kufungwa kwa bolti na skrubu kifungwe, na kibanda chenye paa kitengenezwe karakana, kisimamishwe chote kwa majaribio, kiwekwe alama, kibomolewe, ndipo kisafiri. Mawe ya mfereji nayo yapangwe makavu karakana kwanza, kila moja likipewa namba. La pili ni uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na udongo mbichi unakaribia tani mbili. Ulizeni ardhi ya uwanja inabeba nini, mnaruhusiwa kuchimba kina gani, na nyaya na mabomba yamepita wapi. La tatu ni mpangilio: vitu vizito na virefu huingia kwanza, kuanzia nyuma kuja mbele, maana kreni haiwezi kurudi juu ya mimea. Kwa siku kumi zenu ningetenga nne za miundo na mawe, moja ya kujaza maji na kutazama kama kuna uvujaji usiku kucha, nne za kupanda, na ya mwisho isipewe kazi yoyote mpya. Siku hiyo ni ya kufuta vumbi kwenye majani, kuchuma yaliyokufa, kupanga changarawe kwa mkono, na kuhakikisha nyayo zenu zimefutika.

Kuna mahali ambapo maandishi yangu hayatoshi na lazima mwite mtu afike kwa miguu yake. Kibanda chenye paa, ukuta wowote unaozuia udongo, na chochote kinachosimama juu ya kichwa cha mtu kionwe na mhandisi wa miundo kabla hakijajengwa, kwa sababu upepo wa uwanja wazi haufanani na wa uani, na watu watakuwa wengi karibu yake. Pampu ndani ya maji ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, bila mjadala. Mti wenye bonge kubwa la mizizi uinuliwe na watu wenye vifaa hivyo. Ukishikwa kwa shina peke yake unaweza kuchubuka gome lote. Kama mmea wowote utavuka mpaka wa nchi, wasilianeni mapema na mamlaka ya afya ya mimea kuhusu cheti, kwa sababu mzigo ukizuiwa mpakani hakuna namna ya kuuharakisha.

Kuhusu fedha mlizonazo, wekeni kando sehemu ya kumi yake na msiiguse hadi wiki ya ujenzi. Iliyobaki nendeni nayo kwenye ubora wa vitu vichache: mawe ya mfereji yaliyokatwa vizuri yatawapa zaidi ya sanamu. Mfadhili akijitokeza akitaka nembo yake ukutani, mwoneshe ile karatasi ya maelezo na umuulize nembo inaingia kwenye sentensi ipi. Wengi huelewa. Mkubaliane pia tangu sasa kila mti na kila jiwe litakwenda wapi maonesho yakiisha. Yapo maonesho kama Chaumont-sur-Loire nchini Ufaransa, yaliyoanza 1992, ambako bustani hukaa kwa miezi, lakini yenu itabomolewa ndani ya siku chache. Shule au zahanati iliyokubali kupokea bustani huwa pia na mikono ya kusaidia kuijenga.

Majaji wakishapita, ombeni maoni yao hata kama medali imekuja. Kwenye maonesho mengi makubwa hutolewa kwa washiriki wanaoyataka, na nendeni na ile karatasi, mpitie sentensi kwa sentensi. Kwa sasa, kabla ya mchoro wowote mpya, kaeni wanne wiki hii muandike maelezo hayo yasiyozidi mistari sita, kisha mpigie simu mkulima wa mimea. Miezi mitano ni muda wa kutosha kwa mafungu matatu ya miche, ila kama mbegu zitaingia udongoni mwezi huu.